Kaskazi ya kujenga, kusi ya kudaiwa: shajara ya shule ya msingi ya parokia, Malindi

Shajara hii inahesabu kwa misimu ya upepo. Kaskazi ni Desemba hadi Machi: jua kali, barabara kavu, mahoteli yamejaa, lori la mawe linafika popote. Kusi inashika Aprili hadi Septemba: masika mwanzoni, bahari imechafuka, mahoteli mengine yamefunga. Kila kitu hapa, kuanzia zege hadi karo, kimekwenda na misimu hiyo, na makosa mengi yaliyoandikwa humu yalitokana na kupanga kana kwamba mwaka mzima ni mmoja.

Mwaka wa maandalizi, kusi. Kiwanja

Kiwanja kiko nyuma ya mji, njia ya Ganda. Juu ni mchanga, chini ni matumbawe.

Karatasi kwanza. Upekuzi kwenye sajili ya ardhi unafanywa kabla ya kulipa chochote, na kinachotafutwa ni jina, si namba ya kiwanja pekee. Jimbo Katoliki la Malindi lilianzishwa mwaka 2000, likamegwa kutoka Jimbo Kuu la Mombasa na Jimbo la Garissa. Kwa hiyo kiwanja cha kanisa kilichonunuliwa kabla ya hapo, au kilichoachwa na mtu kwa wosia, kinaweza kuwa bado kimeandikwa kwa wadhamini wa zamani. Hati ikiwa na jina moja na ombi la usajili wa shule likiwa na jina jingine, faili halisogei. Kuhamisha jina kunachukua muda mrefu kuliko kujenga darasa, kuanzwe mapema.

Jambo la pili ni miti. Mgeni wa Pwani hushangaa: huku ardhi inaweza kuwa ya huyu na minazi iliyo juu yake ikawa ya yule. Mzee wa mtaa aliitwa, kila mnazi, mwembe na mkorosho ukahesabiwa na kupakwa alama ya chokaa, mwenyewe akasimama mbele ya mti wake. Waliolipwa walitia sahihi, na waliotaka kuendelea kuchuma waliandikiwa hivyo. Minazi iliyobaki ndani ya uwanja ina kazi yake ya kudumu: mkwezi anapanda kila baada ya miezi mitatu kuangua nazi na kukata makuti makavu. Mnazi ulioko juu ya njia ya watoto unakatwa, hakuna majadiliano.

Mawe ya mipaka yalifukuliwa yote manne na mpima ardhi kabla ya ua kuwekwa. Ua uliowekwa kwa kukisia huishia barazani kwa chifu.

Ruhusa ya kanisa nayo iko kwenye faili. Kanuni ya 803 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema hakuna shule inayojiita Katoliki bila idhini ya mamlaka ya kanisa, hata kama kwa kweli ni ya Kikatoliki. Idhini hiyo inaombwa kwa askofu kupitia ofisi ya elimu ya jimbo, kwa maandishi. Neno la padre baada ya Misa halitoshi.

Hapa pia iliamuliwa jambo ambalo wazazi wengi huchanganya. Shule ya serikali inayofadhiliwa na kanisa na shule ya parokia ni vitu viwili. Ya kwanza ina walimu wa TSC (Tume ya Huduma kwa Walimu) wanaolipwa na serikali, na kanisa kama mfadhili lina nafasi kwenye bodi na wajibu wa malezi ya kiroho; Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inataka wajibu huo utekelezwe bila kuingilia imani ya wengine. Ya pili ni shule ya binafsi: parokia inamiliki, inaajiri na inalipa. Hii ni ya pili.

Mwaka wa maandalizi, mwisho wa kusi. Ramani

Jengo la madarasa matatu limelazwa kutoka mashariki hadi magharibi, madirisha upande wa kaskazini na wa kusini. Jua la asubuhi na la alasiri linapiga kuta zisizo na madirisha, na upepo, uwe wa kusi au wa kaskazi, unapita katikati ya darasa. Ramani ya kwanza ililigeuza jengo lielekee barabara ili lipendeze. Ilirudishwa. Darasa linalokaushwa na jua la saa tisa halina mwalimu wa kulituliza.

Ukubwa wa darasa ni mita 7.5 kwa 6. Mwongozo wa usalama shuleni wa Wizara ya Elimu, wa mwaka 2008, unahesabu ukubwa huo kwa watoto 30 wanaokaa mmoja mmoja, au 40 kwenye madawati ya wawili wawili. Milango inafunguka nje. Madirisha hayana vyuma. Hili la vyuma lilizua mabishano, maana wezi wapo, lakini moto ukizuka watoto wanatoka kwa dirisha. Suluhisho ni stoo moja tu yenye vyuma na kufuli, ambamo hakaliwi: vitabu, tableti na radio vinalala humo. Darasa halibaki na kitu cha kuibwa isipokuwa madawati.

Kaskazi ya kwanza. Msingi na kuta

Mawe ni ya matumbawe yaliyochongwa, ya inchi 9 kwa kuta za nje na inchi 6 kwa za kugawa vyumba. Jiwe la matumbawe linanyonya maji kama sponji. Likijengwa kavu linafyonza maji ya saruji kabla haijashika, na baada ya wiki fundi anaweza kulibandua kwa mkono. Kila jiwe lilowekwe kwanza, liwe na ubaridi wa maji bila kuchuruzika.

Vipimo vya zege ndipo pesa zinapopotelea. "Mfuko mmoja kwa wilbaro nne" si kipimo. Wilbaro moja imejazwa sawa, nyingine imejazwa mlima. Sanduku la mbao lilitengenezwa, pande zote sm 33 kwa ndani, lisilo na kitako, lenye mishikio miwili. Ujazo wake ni kama lita 36, karibu sawa na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Linawekwa juu ya bati, linajazwa, linasawazishwa kwa ubao, linanyanyuliwa. Zege la mkanda (boriti ya kuzunguka kuta) na linta (boriti ya juu ya milango na madirisha) ni 1:2:4: mfuko mmoja, masanduku mawili ya mchanga, manne ya kokoto. Sakafu ya darasa ni mita za mraba 45 kwa unene wa sm 10, yaani mita 4.5 za ujazo. Kwa 1:2:4 ni mifuko kama 29, kwa 1:3:6 ni kama 20. Tulichagua 1:3:6 kwa sakafu na 1:2:4 kwa kila kitu chenye chuma ndani.

Mchanga. Unatoka mto Sabaki, si ufuoni. Mchanga wa ufuoni una chumvi, na chumvi hula vyuma ndani ya zege, kisha zege linapasuka kutoka ndani. Kipimo cha tope: chupa ya kioo, mchanga nusu, maji, tikisa, acha hadi kesho yake. Tope hutulia juu ya mchanga. Likizidi sehemu moja kati ya kumi na mbili ya kimo cha mchanga, lori linarudi. Kipimo cha chumvi ni ulimi, na hakijawahi kudanganya.

Lakini lori moja lilipita bila kupimwa, Ijumaa jioni, kila mtu akitaka kwenda zake. Matokeo yalionekana kusi iliyofuata: ukuta wa darasa la mwisho ulitoa unga mweupe kwa kimo cha goti, rangi ikafura, plasta ikabanduka kwa vipande vya ukubwa wa sahani. Fundi alitaka kuosha na kupaka tena. Kuosha kunairudisha chumvi ndani. Tiba ilikuwa kung'oa plasta hadi sm 30 juu ya mahali doa lilipoishia, kupiga brashi kavu, kuacha ukuta wazi kaskazi nzima, kupiga brashi tena kila unga ulipotokea, kisha kupiga plasta ya chokaa. Chokaa inapumua, saruji inaziba na kuisukuma chumvi ipande juu zaidi.

Anayetilia shaka chokaa aende kuangalia kanisa dogo la Wareno hapo mjini, la karne ya 16, au magofu ya Gede. Ni matumbawe na chokaa, na kuta zimesimama. Mmisionari Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India, na paa la makuti lililoko juu ya kanisa lile leo bila shaka si la siku zake. Ukuta unarithiwa, paa linaezekwa upya.

Jambo jingine la kaskazi: ni msimu mzuri wa kujenga na mbaya wa kukomaza zege. Jua na upepo vinanyonya maji kabla saruji haijamaliza kazi, na sakafu inatoka na nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Siku saba, magunia yaliyolowa juu ya sakafu, maji asubuhi, adhuhuri na jioni. Maji hayo yapangiwe bajeti. Kwenye bajeti yetu ya kwanza hayakuwepo kabisa.

Kaskazi ya kwanza, mwishoni. Paa

Makuti yana baridi nzuri, lakini maji yake ni ya kahawia hayanyweki, yanashika moto, na kuezeka upya kunarudi kila baada ya miaka michache. Bati lina joto, na mvua ikinyesha mwalimu anaacha kufundisha. Uamuzi: bati kwa madarasa, makuti kwa banda la mikutano pekee. Joto la bati limepunguzwa kwa kuacha nafasi ya kiganja kati ya ukuta na paa, pande zote mbili, na matundu kwenye pembetatu za ncha. Nafasi hizo zina wavu, la sivyo popo wanahamia.

Bati ni geji 28. Geji 30 ni jembamba zaidi, namba kubwa isimdanganye mtu, na kwa hewa ya chumvi tofauti hiyo ni miaka. Misumari yenye mpira inapigwa juu ya mgongo wa wimbi, si bondeni. Baada ya kukata bati kwa msumeno wa umeme, vumbi la chuma lazima lifagiliwe siku hiyo hiyo. Likilala usiku mmoja na umande, kesho kuna madoa ya kutu juu ya bati jipya, na kutu haishii hapo. Kila kenchi imefungwa kwenye mkanda wa zege kwa ukanda wa chuma, kwa ajili ya kusi. Mbao zote zimetiwa dawa ya mchwa, na sehemu zilizokatwa zikapakwa tena, maana mchwa huingilia pale pale penye jeraha jipya.

Kusi ya kwanza. Maji

Mji wa Malindi unapata maji ya bomba kutoka Baricho, kwenye mto huo huo wa Sabaki, ambao kule juu huitwa Galana. Visima vya karibu na bahari vina chumvi. Bomba lipo, lakini shule haiwezi kutegemea mlango mmoja.

Hesabu ya mvua ni rahisi: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lenye kivuli cha mita 24 kwa 9 ni mita za mraba 216. Mvua ya milimita 10 inaleta lita 2,160. Toa thuluthi na ushee kama mifereji ni mibaya, toa humusi kama ni mizuri. Tangi la lita 10,000 linajazwa na milimita kama 60, yaani siku chache za Mei. Upande wa matumizi: watoto 120 kwa lita 5 kila mmoja, kunywa na kunawa, ni lita 600 kwa siku. Tangi lililojaa ni siku 16 za masomo. Kwa hiyo tangi haliondoi bomba. Linafunika siku bomba linapokauka. Waliotuambia tangi moja linatosha mwaka hawakupiga hesabu.

Maji ya kwanza ya mvua yamebeba vumbi, kinyesi cha kunguru na majani. Hayafai kuingia tangini. Inatakiwa kumwaga kama nusu lita kwa kila mita ya mraba ya paa, hapa lita 108. Fundi alikuwa ameweka bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita moja, ambalo linashika lita 8 tu. Lilikuwa pambo. Limebadilishwa kwa pipa la plastiki la lita 120 lenye bomba dogo la kujimwaga chini, lililoachwa wazi kidogo daima ili pipa liwe tupu kabla ya mvua ijayo. Bomba hilo dogo huziba kwa majani ya mkilifi. Mtu mmoja, kwa jina lake kwenye ratiba, analizibua kila Jumatatu.

Kusi ya kwanza. Vyoo

Mwongozo wa wizara: matundu 4 kwa watoto 30 wa mwanzo, kisha tundu 1 kwa kila watoto 30 hadi wafike 300. Watoto 120 ni matundu 7. Watoto 300 ni 13. Shimo liwe na kina cha mita 6 au zaidi, na choo kiwe mita 15 au zaidi kutoka madarasani na kutoka kwenye maji, upande upepo unakoelekea.

Upande upi, wakati upepo unageuka mara mbili kwa mwaka? Vyoo viko kaskazini magharibi ya madarasa. Kusi, ambayo ni ndefu na yenye unyevu, inapeleka harufu nje ya shule. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki na haiyagusi madarasa ila kidogo.

Kuhusu kina: mita moja na nusu za mchanga, kisha matumbawe. Mchanga unaporomoka, kwa hivyo sehemu hiyo imejengewa kwa mawe kabla ya kuendelea kuchimba. Matumbawe yana nyufa, na maji machafu yanasafiri ndani yake mbali kuliko yanavyosafiri kwenye udongo. Mita 15 tulizihesabu kuwa kidogo mno kwa kisima cha jirani, tulisogea zaidi. Karibu na ufuo maji hutokea kabla ya mita 6, na huko shimo halifai hata kidogo, ni tangi la kunyonywa na lori.

Kaskazi ya pili. Usajili na mlango kufunguliwa

Faili la usajili linapitia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kwenda kwa bodi ya elimu ya kaunti. Ndani yake: kumbukumbu za kikao kilichoamua kuanzisha shule, hati ya ardhi, orodha ya wasimamizi na vitambulisho, vyeti vya walimu na namba zao za TSC, ripoti ya afisa wa afya ya umma, ripoti ya maafisa wa uhakiki wa ubora. Mpangilio wa kazi ni huu: afya kwanza, ubora baadaye, maana wa pili atauliza karatasi ya wa kwanza. Ukaguzi wa kwanza ulikuta makosa mawili, yote yetu: mlango wa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) ulifunguka ndani, na tundu la choo la wadogo lilikuwa na upana wa mtu mzima. Mtoto wa miaka minne anaogopa shimo, halafu anajisaidia nyuma ya choo. Kiti kidogo cha zege, tundu la sm 15, mambo yakatulia.

Zilifunguliwa PP1, PP2 na Gredi ya 1. Basi. Kulikuwa na shinikizo la kupokea hadi Gredi ya 5, kwa kuwa wazazi walikuwa tayari kulipa. Watoto wanaohamia Gredi ya 5 kutoka shule tano tofauti huleta mapengo matano, na shule mpya haina mwalimu wa kuyaziba. Darasa moja kwa mwaka, mwalimu mmoja kwa mwaka, chumba kimoja kila kaskazi. Hivyo Gredi ya 6 inafikiwa mwaka wa 6, na watoto wake wengi ni waliokuzwa hapa hapa.

Cheti cha kuzaliwa kinaombwa siku ya kuandikishwa. Bila cheti hicho ni taabu mtoto kupata UPI (namba yake ya utambulisho kama mwanafunzi) kwenye mfumo wa wizara, na bila namba hiyo inakuwa taabu kumsajili KNEC (Baraza la Mitihani la Kenya), ambao tathmini zao zinaanza kabla ya Gredi ya 6. Watoto wengi walikuja na kadi ya kliniki pekee. Waliozaliwa nyumbani, hata hiyo hawana. Mzazi huambiwa "lete baadaye" na baadaye inakuwa miaka mitano. Sasa karani ana daftari la wasio na cheti, na kila mwisho wa mwezi wazazi hao wanapigiwa simu. Wanaohitaji barua ya chifu wanasaidiwa kuandika maombi hapo hapo ofisini.

Kusi ya pili. Karo

Hapa ndipo shule ilikaribia kufungwa.

Karo iligawanywa mafungu matatu sawa, kama kwingine. Muhula wa kwanza ulilipwa vizuri. Muhula wa pili, Mei na Juni, hoteli zimepunguza watu, wavuvi hawatoki kwa sababu ya bahari, waendesha tuktuk hawana abiria wageni, na mahindi mapya bado shambani. Madeni yalipanda, mishahara ikachelewa, mwalimu mmoja mzuri akahama. Barua kali zilipelekwa nyumbani. Barua hazileti watalii.

Marekebisho: karo ya mwaka ni ile ile, lakini inalipwa nusu muhula wa kwanza, sehemu 2 kati ya 10 muhula wa pili, sehemu 3 kati ya 10 muhula wa tatu. Na upande wa shule, ifikapo mwisho wa Machi, mishahara ya Mei, Juni na Julai iwe imekwisha kutengwa kwenye akaunti yake, haiguswi hata kwa saruji. Hasa kwa saruji. Machi ndipo ujenzi unapoona pesa na kuzitamani.

Malipo yanapita kwa simu, namba moja ya shule, jina la mtoto likiandikwa. Mzazi anaweza kuleta mahindi, kunde, nazi au mawe. Yanapimwa, yanakadiriwa kwa bei ya sokoni ya siku hiyo, na risiti inatolewa kama ya fedha. Kuni hazipokelewi tena, zilikuja nyingi mno na mbichi.

Mwaka wa 3. Dini mbili kwenye ratiba moja

Shule ni ya Kikatoliki na mji ni wa Waislamu na Wakristo pamoja. Hili halikuachiwa busara ya siku kwa siku. Limeandikwa kwenye fomu ya kuingilia, kwa Kiswahili cha kueleweka.

Mtaala una CRE (somo la dini ya Kikristo) na una IRE (la dini ya Kiislamu). Vipindi vyote viwili vimewekwa wakati mmoja, vyumba viwili, na ustadhi wa IRE ni mwajiriwa kama wengine, si mtu wa kuitwa akipatikana. Kipindi cha malezi ya kiroho kila wiki kinagawanyika vivyo hivyo. Misa ya shule iko siku ya wiki inayojulikana, na asiye Mkatoliki ana kazi ya maktaba wakati huo, si kusimama nje juani. Ijumaa mapumziko ya mchana yanaanza dakika 20 mapema na kurefushwa. Vipindi vya darasani vinaisha saa 9 na nusu alasiri, kama kanuni zinavyotaka, na mazoezi ya ziada hayawi ya lazima baada ya hapo, kwa sababu watoto wengi wanakwenda chuoni, yaani madrasa. Shule iliyojaribu kushindana na chuo Pwani ilipoteza watoto, haikupata saa za ziada.

Jikoni: nyama inachinjwa na Muislamu, daima. Ramadhani uji unaendelea kwa wadogo, michezo inahamia asubuhi.

Juu ya uji wenyewe: gramu 40 za unga kwa mtoto, watoto 120 ni karibu kilo 5 kwa siku. Mahindi ya muhula hununuliwa makavu, unyevu usizidi asilimia 13.5, na magunia yanakaa juu ya vichanja, mbali na ukuta kwa kiasi cha mkono kupita. Hewa ya Malindi ikikutana na gunia lililoegemea ukuta, kuvu huanza upande ule usioonekana, na sumukuvu haitoki kwa kupika. Gunia lenye harufu ya uvundo halipewi kuku pia.

Mwaka wa 4. Kengele

Tatizo dogo lililosumbua kuliko makubwa. Gredi ya 1 hadi ya 3 vipindi ni dakika 30. Gredi ya 4 hadi ya 6 ni dakika 35. Mwalimu anayefundisha pande zote mbili hawezi kuitii kengele moja: 30 na 35 zinakutana baada ya dakika 210 tu. Mwaka wa 4 wote ulipotea kwa mwalimu kuwahi huku na kuchelewa kule. Sasa wadogo hawana kengele, mwalimu wao ana saa ya ukutani na anakaa nao karibu siku nzima. Kengele ni ya wakubwa. Mwalimu anayevuka anapewa vipindi vinavyopakana na mapumziko, ambayo ni ya wote kwa pamoja.

Mwaka wa 6 na kuendelea

Gredi ya 6 ya kwanza imefanya KPSEA, tathmini ya taifa ya mwisho wa Gredi ya 6. Tangu 2023 Gredi ya 7 inakaa kwenye shule za msingi kama Sekondari Msingi, hivyo kufika Gredi ya 6 hakumalizi ujenzi: vinatakiwa vyumba vitatu zaidi, vya Gredi ya 7 hadi ya 9, maabara, na walimu waliosomea masomo yao, ambao ni ghali kuliko wa msingi. Kutoka vyumba 8 (PP1 hadi Gredi ya 6) shule inakwenda 11.

Maabara inajengwa kwanza, kaskazi hii, kabla ya vyumba. Maji na gesi vinapita chini ya sakafu, na sakafu ikishamwagwa hakuna wa kuipasua tena kwa furaha. Meza zitakuwa za zege lenye vigae, si mbao. Mchwa hawajali kemia.

Mawe ya inchi 9 yameagizwa. Mchanga utaletwa Jumatatu hadi Alhamisi tu, na chupa ya kupimia iko kwa mlinzi wa geti. Sanduku la zamani la sm 33 limelegea pembe, linashika karibu lita 39. Limechomwa jikoni, jipya limepigwa misumari na kupimwa kwa rula pande zote tatu.